Miaka sita ya kukesha kwenye nyumba zenye mauzauza: tufanyeje ili wanasayansi wasome ripoti zetu?

Mkesha43 (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie maneno yakiwa mengi.

Mimi na wenzangu watatu tunachunguza nyumba ambazo wenyewe wanalalamika kwamba zina mauzauza: hatua za miguu ghorofani na hakuna mtu, milango inayojifunga, mtoto anayesema kuna mtu kasimama pembeni ya kitanda. Hatutozi kitu. Hatufukuzi chochote. Tunaingia jioni na vinasa sauti vinne, vipimajoto viwili, kamera inayoona gizani na ile mita ndogo ya sumaku-umeme yenye taa tano, tunakaa mpaka alfajiri, tunaandika kila kitu. Kwa miaka sita tumekesha mara 43. Nina madaftari tisa.

Mwaka huu nilijikaza, nikachagua usiku mmoja ulioshinda zote. Saa 8:12 usiku mita iliruka mpaka taa ya nne, na dakika hiyohiyo kinasa sauti tulichoacha chumba cha nyuma kikanasa sauti ya mwanamke, maneno mawili: "Usiende leo." Wote wanne tulikuwa sebuleni, na hakuna mwanamke kati yetu. Niliandika ripoti ya kurasa 31, nikaweka na grafu za joto, nikaipeleka kwa mhadhiri wa fizikia. Alikaa nayo wiki tatu. Iliporudi, alama za kalamu yake zilikuwa zimeishia ukurasa wa pili, na pembeni ameandika swali moja: "Mngerekodi nini kama pasingekuwa na kitu?"

Usiku huo sikupata usingizi. Mimi nimeliona ni dharau. Mke wangu anasema si dharau, ni swali.

Sasa nawauliza nyie mliowahi kupita njia hii. Tatizo ni vifaa, tutafute vya maabara? Ni lugha ya ripoti? Au mlango ulishafungwa zamani kwa sababu ya neno "mzuka", na hata tungeleta nini tungeachwa nje? Waliotuita kwenye nyumba ile walikuwa wanalia. Hawakutafuta umaarufu, hata majina yao hawakutaka yaandikwe. Naumia kuona ushuhuda wao unaishia kwenye kabati langu.

FundiSauti

Pole sana mkuu. Sauti ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nitashika hapo, mengine wenye utaalamu watakuja.

Vinasa sauti vingi vya mkononi hujipandishia usikivu vyenyewe pakiwa kimya. Chumba kikitulia, kifaa kinaanza kuvuta kila kilichopo: mota ya friji, maji kwenye bomba, redio ya nyumba ya tatu. Kisha kikihifadhi faili kwa kulibana, kinatupa vipande vya sauti na kubakiza vingine, na mabaki hayo yanaweza kufanana sana na usemi wa mtu. Faili lenu lilibanwa au halikubanwa? Na vile vinasa vitatu vingine vilisikia nini dakika ile? Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kama kuna aliyesema ndani ya nyumba, na vinasa mmevilinganisha saa sawasawa, cha karibu kitasikia mapema na kwa nguvu, cha mbali kwa kuchelewa kidogo na kwa unyonge. Unaweza hata kukadiria aliposimama. Kikiwa kimoja tu ndicho kilichonasa, mshuku kwanza kifaa hicho.

Hizo mita za taa tano nazijua pia. Simu ikipokea ujumbe karibu nayo, taa hupanda. Sebuleni mlikuwa na simu ngapi?

Usidhani kwamba kupata chanzo ni kushindwa. Vic Tandy alikuwa mhandisi huko Coventry, Uingereza, kwenye maabara ambayo wafanyakazi walisema ina mzuka. Usiku mmoja akiwa peke yake alitokwa na jasho baridi, akaona umbo la kijivu pembeni mwa jicho, kugeuka halipo. Kesho yake alibana upanga wake wa michezo kwenye jiliwa, ukaanza kutetema wenyewe. Aliufuata mtetemo ule mpaka kwenye feni ya kutoa hewa, iliyokuwa ikijaza chumba mawimbi ya takriban hezi 19, yaani mitetemo 19 kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio letu hukisikia. Feni iliporekebishwa, hali ile ikaisha. Makala yake ya mwaka 1998, iliyotoka kwenye jarida la Society for Psychical Research, chama cha Uingereza kinachochunguza mambo kama haya, bado inasomwa. Kilichomsaidia ni upanga na subira.

Daftari_la_Zamani

Mkesha, kaka yangu, nimekusoma neno kwa neno. Nilikuwa kwenye kikundi kama chenu miaka 11 kabla sijaenda kusomea takwimu, na swali hilo niliwahi kuulizwa mbele ya watu, kwa ukali kuliko wewe. Shemeji kasema kweli. Mhadhiri angeweza kuwa mpole, na angeweza kumaliza kurasa 29 zilizobaki. Lakini swali lake ndilo moyo wa kazi yako.

Mmekesha mara 43 kwenye nyumba zenye malalamiko. Kwenye nyumba zisizo na malalamiko mmekesha mara ngapi? Nadhani jibu nalijua, maana langu lilikuwa sifuri. Basi hujui mita ile huruka mara ngapi kwenye nyumba ya mtu anayelala usingizi mnono, na bila kujua hivyo zile taa nne hazisemi neno.

Mimi ilinichukua mwaka mzima kulijibu. Nilitafuta nyumba 10 za mauzauza, na nyingine 10 ambazo wenyewe hawajawahi kuona wala kusikia kitu. Ratiba ilipangwa na rafiki yangu asiye wa kikundi, kwa kurusha sarafu, na sisi tulioingia hatukuambiwa hii ni nyumba ya aina gani. Wenye nyumba walihama kwa usiku ule ili wasitudokeze. Kabla ya usiku wa kwanza niliandika kipi kitahesabiwa kuwa tukio, kipi hakitahesabiwa na nitatumia hesabu gani. Nikaitia karatasi kwenye bahasha, nikamkabidhi rafiki yangu. Mwisho wa mwaka tukafungua. Mita iliruka sawasawa kwenye makundi yote mawili.

Nilikaa kwenye ngazi za nyumbani nikalia. Miaka 11 yangu ilikuwa ndani ya mita ile. Ila hiyo ndiyo ripoti yangu ya kwanza kusomwa mpaka ukurasa wa mwisho. Jarida dogo liliichapisha, na watafiti wawili nisiowajua wakaniandikia, wakiuliza maswali ya kazi kama mtu anavyomuuliza mwenzake.

Na usikubali mtu akwambie kwamba utaratibu huu ni wa wasioamini. Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1853, wakati watu wanakaa kuzunguka meza, mikono juu yake, na meza inatembea kama inayosukumwa na nguvu isiyoonekana, hakuwaita waongo. Alipanga vipande vya kadibodi juu ya meza, akavishikamanisha kwa gundi laini ili vijongee kidogo, watu wakaweka mikono juu. Kama meza ndiyo inayovuta mikono, kadibodi za chini zitatangulia. Kama mikono ndiyo inayosukuma, zitatangulia za juu. Zilitangulia za juu, na waliokaa pale hawakujua kabisa kwamba wanasukuma. Ona alivyowaheshimu: hakugusa unyofu wao, aligusa kadibodi.

Charles Richet, Mfaransa, mwaka 1884 alichanganya karata kwa nasibu ili kupima kama mawazo yanasafiri kati ya watu, wakati mbinu hiyo bado ni ngeni karibu kila mahali. Mwaka 1976 jarida la Ulaya la parasaikolojia, fani inayochunguza mambo kama mizuka na kusoma mawazo, lilianza kuwaalika watafiti wawasilishe mpango wa jaribio kabla ya kukusanya data. Saikolojia ya vyuo vikuu imekuja kulizoea jambo hilo miaka mingi baadaye. Fani yetu ilibanwa mpaka ikabuni kufuli ambazo leo wengine wanafungia milango yao, na mimi najivunia hilo waziwazi.

FundiSauti, habari ya Tandy naipenda, lakini hata maelezo ya mawimbi lazima yapimwe. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Chris French na wenzake, London, walichapisha jaribio la watu 79 walioingia mmojammoja kwenye chumba kilichotengenezwa maalumu, mawimbi ya sauti ya chini na ya sumaku-umeme yakiwashwa na kuzimwa bila wao kujua. Wengi walihisi mambo ya ajabu. Walihisi hata pale ambapo hakikuwashwa kitu.

Upande_wa_Pili

Mnamfundisha mwenzenu kunawa mikono, ni vyema, lakini semeni pia kwamba wanasayansi waliomo ndani hawanawi. Parapsychological Association, chama cha watafiti wenye shahada, ilikubaliwa kwenye Jumuiya ya Marekani ya Kuendeleza Sayansi mwaka 1969, mwanaanthropolojia Margaret Mead akiitetea kwa nguvu. Miaka 10 tu baadaye mwanafizikia John Wheeler akataka ifukuzwe. Haikufukuzwa, lakini hebu fikirieni: umeshaingia, umekaa, bado kuna mtu anadai utolewe.

Halafu Daryl Bem, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 2011 alichapisha majaribio tisa, washiriki zaidi ya 1,000, akidai watu wanaathiriwa na jambo ambalo bado halijatokea. Alifuata kanuni zilezile za saikolojia za wakati ule. Kelele zilizopigwa hazijawahi kupigwa kwa matokeo ya kawaida yenye takwimu dhaifu kuliko zake. Mizani ni mbili. Mkesha anaumia kwa haki.

Daftari_la_Zamani

Ndugu, hapo kwenye mizani mbili sikupingi. Ila malizia habari ya Bem. Watafiti watatu walirudia jaribio lake mojawapo mara tatu, hawakupata alichopata; jarida lililomchapisha likakataa makala yao kwa sababu halichapishi marudio, ikatoka kwingine mwaka 2012. Kelele hizo ndizo zilizosaidia kuifanya saikolojia ijikague. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya kurudiwa kwa tafiti 100 za kawaida kabisa, na zilizosimama tena hazikufika nusu. Kumbe wengi waliomo ndani walikuwa na kabati lililojaa kama la Mkesha, tofauti ni kwamba lao lilikuwa na nembo ya chuo.

Kwa hiyo kaka, usiombe upimwe kwa mizani nyepesi waliyojizoesha wao. Omba ile nzito. Na ukipata nafasi, alika mfanya mazingaombwe akukague. James Randi aliwapenyeza vijana wawili wa kiinimacho kwenye maabara ya chuo kikuu huko St. Louis, iliyofunguliwa kwa msaada wa dola 500,000, na kwa muda wanasayansi waliamini vijana wale wanapinda vijiko kwa akili tu; Randi mwenyewe alitoboa siri mwaka 1983. Shahada haimkingi mtu na macho yake.

Mkesha43

Nimerudi baada ya wiki tatu, wakuu. Niliona aibu kujibu kabla sijafanya kitu.

FundiSauti, vinasa vitatu vingine vina ukimya dakika ile, pamoja na kile kilichokuwa kwenye ukumbi, hatua tano kutoka chumba cha nyuma. Faili lilibanwa. Simu zilikuwa nne. Mwenzangu mmoja alikubali kunifungulia simu yake: kuna ujumbe umeingia saa 8:12. Mita ilikuwa mezani, karibu na goti lake.

Dada Daftari, ile sauti niliwasikilizisha watu 14 bila kuwaambia ni nini, kila mmoja peke yake na karatasi. Sita waliandika kwamba hawasikii maneno. Wanne wakaandika maneno manne tofauti. Watatu wakasema ni mlango. Mmoja aliandika "usi..." akaacha. Kisha nikawaambia mimi nasikia nini, nikawachezea tena, na 11 kati yao wakasema naam, sasa tunasikia wazi kabisa. Nilimtazama wa mwisho usoni akiisikia "usiende leo" iliyotoka kinywani mwangu, nikalazimika kuzima kifaa.

Bado siwezi kusema wale waliolia walilia bure. Mama wa nyumba ile nimempigia, nimemwambia ukweli kuhusu mita na kuhusu sauti. Alinyamaza, halafu akauliza kama tutarudi, kwa sababu hatua za miguu bado anazisikia. Nimemwahidi tutarudi, na safari hii mtu wa kukagua tanuri la kupashia nyumba moto na mabomba yake atatangulia kabla yetu. Nimesoma kwamba mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyosikia hatua na kuona watu nyumbani kwao, na chanzo kikawa tanuri bovu lililovujisha kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Hilo kwangu halisubiri utafiti.

Kwa mhadhiri nimeandika ukurasa mmoja tu. Juu nimenakili swali lake, chini nimeweka mpango: nyumba 12, sita za kila aina, sarafu, bahasha. Nimemwomba bahasha akae nayo yeye. Amejibu jana: nimletee.

Nyumba ya kwanza tunaingia Jumamosi. Sijui ni ya aina gani. Simu zote zitabaki kwenye gari.