Wakata miwa na jua la Oktoba: kivuli kinalipa?

Shamba_Kilombero: Wakuu, nina wakataji 30, saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, malipo kwa tani. Nikiweka maji na turubai nitarudisha hela? Juzi niliweka turubai, hawakukaa.

Nyapara: Watakaaje? Kwa tani, dakika ya kivulini ni hela yao inayopotea. Lipia mapumziko. Mtu akipata 15,000 kwa saa 6, saa moja ni 2,500. Dakika 10 kila saa ni saa nzima kwa siku, yaani 75,000 kwa watu 30. California sheria inataka mapumziko ya wanaolipwa kwa kipande yalipwe kando.

Faida itazame kwenye kisiki. Aliyechoka hainami, anakata juu, na sukari nyingi iko chini ya shina. Hapo ndipo hela inabaki shambani.

Afya_Kazini: Maji: kikombe cha mililita 250 kila dakika 15, hivyo lita 180, madumu 9 ya lita 20. Yasogee na mstari wa wakataji. Yakibaki barabarani hawanywi. Jasho likiwa jingi saa nyingi, maji matupu hayatoshi, chumvi ya mwili inashuka. Wape na chakula.

Wageni wa kazi hii usiwaachie zamu nzima: siku ya kwanza asilimia 20, kisha ongeza 20 kila siku.

Shamba_Kilombero: Na anayeanza kuongea ovyo kwa joto?

Afya_Kazini: Hiyo dharura, mkuu. Mmwagieni maji mwili mzima papo hapo, mpepeeni, ndipo gari. Asinyweshwe kama hajitambui.