Miradi ya kuhifadhi udongo ipo, kwa nini wakulima wa kaunti yetu tunafichwa?

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mkulima mdogo huku Ukambani, Kenya, ambako mvua ikija huja kwa fujo na udongo wa juu ndio unaotangulia kuondoka. Msimu huu nilitaka kujua jambo moja tu: ni mpango upi wa serikali, uwe wa kaunti au wa taifa, unaomsaidia mkulima kuchimba matuta ya fanya juu, yale ya mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko, na kuziba korongo linalokula shamba lake. Hadi leo sijapata jibu.

Ofisi ya kilimo ya wadi niliikuta imefungwa, kwa kuwa afisa wake anahudumia wadi nyingine pia. Kwenye kaunti ndogo nikaambiwa kuwa mambo ya udongo yako chini ya idara ya mazingira. Idara ya mazingira ikanirudisha kilimo, ikiongeza kwamba fedha za kukabili mabadiliko ya tabianchi hupitia kamati za wadi. Mwanakamati niliyempata akasema miradi ilikwisha kupitishwa katika kikao cha wananchi, kikao ambacho hakikutangazwa sokoni, kanisani wala kwenye baraza la chifu. Tangazo, nilikuja kuelezwa, liliwekwa kwenye kundi la WhatsApp. Kundi la nani? La watu wanaojuana.

Sheria haina utata hata kidogo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kilimo, na humo humo linataja hifadhi ya udongo na maji miongoni mwa sera za taifa ambazo kaunti inapaswa kuzitekeleza. Kwa hiyo afisa wa kaunti anaponiambia kuwa jambo hilo haliwahusu, anaikana kazi anayolipwa mshahara kuifanya. Kanuni za mwaka 2009 kuhusu miti mashambani zilimtaka mkulima awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake. Wajibu wangu umeandikwa hadi kwa asilimia, lakini nikiuliza miche ya bei nafuu inatolewa wapi, lini na kwa masharti gani, kila mtu anatazama pembeni.

Palipo na nia, habari hufika. Bei ya mbolea ya ruzuku, shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 tangu 2023, inajulikana hata na wazee wasiosoma, kwa sababu machifu waliandikisha wakulima vijijini na ujumbe ukaingia kwenye simu. Mpango huo umekuwa na aibu zake, ikiwemo mbolea ghushi ya 2024, lakini angalau mkulima anajua aanzie wapi. Kwa nini hifadhi ya udongo isitangazwe vivyo hivyo? Mbolea inayotiwa kwenye mteremko usio na matuta huishia mtoni, na fedha za umma huenda nayo.

Tena si jambo geni. Kuanzia 1974 serikali, kwa msaada wa Sweden, iliendesha mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo, na wazazi wetu wanakumbuka maofisa wa kilimo waliotembea shambani na kamba na pimamaji, wakiwaonyesha watu mahali pa kuchimba. Matuta ya Machakos, huku huku Ukambani, yanajulikana hadi ng'ambo. Tulichokosa sasa si ujuzi, ni habari.

Ninachodai ni karatasi ukutani katika kila ofisi ya wadi: jina la mpango, anayestahili, tarehe ya mwisho ya kuomba, cheo cha afisa anayehusika, na orodha ya waliokwisha kunufaika ili majirani waione. Niliomba habari hizo kwa barua, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Muda huo umepita kimya, na sasa napeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Yeyote aliyezungushwa hivi katika kaunti yake, na ana nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa, aseme hapa ni idara gani na mwaka gani, ili tupeleke malalamiko yetu kwa pamoja.