Filamu ya vita yenye ujasusi ndani yake: Navarone, Where Eagles Dare au Overlord?

Mpenda_Picha: Ndugu wanajukwaa, Jumamosi nitatazama filamu na baba yangu, ambaye hupenda habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia lakini huchoka upesi anaposikia milio ya bunduki tu bila fumbo la kufuatilia. Nimebakiwa na tatu: The Guns of Navarone (1961), Where Eagles Dare (1968) na Overlord (2018). Ni ipi iliyochanganya vita na mashaka bila viraka kuonekana?

Bahari_Shwari: Where Eagles Dare, bila kusita. Makomando wakiongozwa na Richard Burton, pamoja na Clint Eastwood, wanashuka kwa miavuli wakiwa na sare za Kijerumani ili kumwokoa jenerali wa Kimarekani aliyefungwa katika ngome ya milimani, kumbe kazi yenyewe ni kuwafichua wasaliti. Katika ukumbi wa ngome, Burton anazungumza tu, na kila anachosema kinakulazimisha ufikirie upya yuko upande gani. Pigano la juu ya kigari cha waya linatia hofu kwa sababu hiyo: umekwisha kujua nani anapigana na nani.

Mzee_wa_Reli: Ukumbi ule nakubali. Hata hivyo, katika sehemu ya mwisho Wajerumani wanaanguka kwa makumi, na hapo mashaka hunitoka. Katika Navarone, mizinga miwili inazuia meli zisiwafikie askari 2,000 wa Uingereza waliokwama kisiwani Kheros, na siku zinahesabika. Kisha mtaalamu wa baruti wa kikosi kilichotumwa kuilipua mizinga hiyo, David Niven, anagundua kwamba vifaa vyake vimeharibiwa na mtu wa ndani. Sitamtaja. Mabishano yake na kiongozi wao, Gregory Peck, kuhusu nani atakayetekeleza hukumu ya msaliti huyo ni mazito kuliko mlipuko wowote wa filamu hiyo.

Binti_Mwanga: Overlord inaanza vizuri mno, ndani ya ndege, usiku wa kuamkia mashambulizi ya Normandy. Askari wanatumwa kulipua mnara wa redio ulio juu ya kanisa, lakini chini yake wanakuta maabara ya kutisha. Mimi naipenda, lakini kwa mzee wako damu imezidi.

Mpenda_Picha: Asanteni sana. Nimechagua Navarone. Tutakapofika kwenye mabishano hayo nitaisimamisha filamu kidogo, nimwulize baba yeye angemkabidhi nani bastola.