Ekari moja na nusu, Hai: mgrevilea, kaliandra au mkababu?

MwanaHai
Wakuu, salama? Nina ekari moja na nusu tambarare, chini ya barabara ya Moshi–Arusha. Miaka yote ni mahindi na maharage. Ng'ombe wawili tunawafugia ndani kule juu kihambani, shamba la nyumbani mlimani, na majani yao tunayapandisha kutoka huku chini. Nataka kuchanganya miti: mgrevilea mpakani, kaliandra ya malisho, au mkababu katikati ya mahindi. Nianze na upi?
Mzee wangu anasema mti shambani ni mwizi wa mahindi. Kihambani kwake miringaringa imetanda juu ya kahawa na migomba. Ukimuuliza, anakujibu, "Kile ni kihamba."

bibishamba_mstaafu
Kaliandra usiipeleke tambarare, inataka mvua. Ipande kihambani, kando ya njia na kwenye makinga maji. Kwa protini, kilo 3 za majani mabichi zinakaribia kilo 1 ya dairy meal, kile chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Miche kama 500 inamtosha ng'ombe mmoja wa maziwa kama nyongeza, si badala ya majani. Loweka mbegu kwanza.
Mgrevilea ni mzuri kwa mbao na kuni, ila uupogoe kila mwaka. Ukiuacha, mistari miwili mitatu ya mahindi ya pembeni itatoka myembamba ya njano, na mara nyingi hiyo ni ya jirani.

Ngosha
Mkababu una tabia ya kinyume: masika unapukutisha majani, kiangazi unavaa. Mahindi yanapata jua, mbuzi wanapata maganda ya mbegu. Shida ni kusubiri, miaka ya mwanzo huoni faida.
Kwetu Shinyanga wala hatukupanda sana. Misitu ilifyekwa zamani kupambana na mbung'o, mashamba ya pamba yakamalizia. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, watu walirudishwa kwenye ngitili: unafunga eneo masika, miti inachipua yenyewe kwenye visiki, kiangazi ng'ombe wanaingia kwa zamu. Baba yangu aligoma miaka kadhaa, akiamini eneo likishaota miti litachukuliwa. Kwa hiyo mkuu, kagua kwanza shamba lako, huenda visiki hai vimo na kila msimu unavikata kwa jembe.

mlima_kodi
Mnaongea kama kila mtu ana shamba lake. Mimi nakodi. Mwenye shamba aliniambia wazi, panda kinachong'oka msimu huohuo, kwa sababu mwenye mti kesho atadai ardhi. Nimeishia kwenye mbaazi. Siyo kwamba sipendi miti.

Mama Neema
Hata lisipokuwa la kukodi. Nilipanda miche 40 ya mgrevilea kwenye shamba la ukoo wa mume wangu. Wiki hiyohiyo shemeji alikuja, akahesabu mmoja mmoja kwa kidole, akaondoka bila kunywa chai. Mwaka uliofuata nikapanda kaliandra mara tano ya hiyo, hakuna aliyeuliza. Wanaona ni majani ya ng'ombe tu. Wanawake wenzangu, mmenielewa.

bibishamba_mstaafu
@Mama Neema hiyo hatukufundishwa chuoni 😂

mlima_kodi
Na mbuzi? Mahindi yakishavunwa, tambarare yote inakuwa malisho ya kila mtu. Mche wa mkababu utavuka kiangazi?

MwanaHai
Hapo umenigusa, mwaka juzi nilipanda miche ya mwembe ikabaki vijiti. Basi kaliandra inaenda kihambani masika haya. Tambarare nitakagua visiki, nikipata mkababu unaochipua nauzungushia miiba. Mgrevilea unasubiri kwanza, mzee amekubali twende wote kwa jirani tukakubaliane umbali kutoka mpakani. Ameshaniambia nisitangulie kuongea.

Mama Neema
Nenda na pombe ya mbege.