Mrejesho: yule mjamzito wa sukari 6.1 asubuhi

Jamani nimerudi, mimi ndo yule niliyeuliza nikiwa na wiki 28 na kisukari cha mimba, mbona sukari ya damu ya asubuhi kabla sijala inagoma kwenye 6.1 (juu ya inavyotakiwa) wakati chai nakunywa bila sukari. Kumbe mchawi ni uji wangu wa usiku, bakuli zima, eti hauna sukari, kumbe wanga wake unageuka sukari mwilini! Nesi akaniambia ugali uwe saizi ya ngumi, matembele na dagaa ndo vijae sahani, halafu nikishakula nitembee robo saa, basi nikawa nazunguka uani na kanga yangu majirani wananicheka. Ikashuka mpaka 5.1, sindano za insulini sikufika huko. Dogo katoka na kilo 3.4, wakamtoboa kisigino kumpima sukari, yuko poa. Mimi narudi kupima sukari wiki ya 6 baada ya kujifungua, ila vidole vimeota sugu kwa kujitoboa kupima aisee.