Msaada wa rika kwa wakufunzi wa urubani: nani asikilize, na siri iishie wapi?

Mkufunzi_Zamu (muuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo ya wale wanaofundisha urubani, na hasa waliowahi kuanzisha au kutumia mpango wa msaada wa rika, yaani utaratibu ambao mkufunzi mwenye mzigo moyoni anazungumza kwanza na mkufunzi mwenzake aliyeandaliwa kusikiliza.

Katika shule ninayofundisha, mwanafunzi wa mwenzetu alitoka nje ya njia ya kurukia wakati wa kutua, akiwa peke yake ndani ya ndege. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi wa ndani ulikwenda haraka, ndege ikatengenezwa, na mwanafunzi akapewa mapumziko pamoja na mtu wa kuzungumza naye. Mkufunzi aliyemwidhinisha kuruka peke yake alirudi kazini kesho yake, kwa kuwa sisi hulipwa kwa saa za kuruka na siku usiyoruka haina malipo. Tangu hapo amekuwa mkali kwa wanafunzi, usingizi wake ni wa kuungaunga, na kila mwanafunzi anapokaribia kuruka peke yake yeye hutafuta sababu ya kuahirisha.

Uongozi umeniomba nipendekeze utaratibu wa wakufunzi kusaidiana. Nina maswali matatu. Je, wasikilizaji wawe akina nani? Je, siri ilindwe hadi kiwango gani? Na je, mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kumgharimu mtu cheti chake cha afya, ambacho bila hicho rubani haruhusiwi kuruka?

Msikilizaji_Rika

Mwalimu, asante kwa kuuliza jambo ambalo shule nyingi hulikumbuka baada ya ajali. Nimekuwa msikilizaji katika mpango wa aina hii kwa muda mrefu, kwanza upande wa shirika la ndege na baadaye kwa wakufunzi, na nitajibu maswali yako mawili ya mwanzo. La tatu namwachia daktari.

Mipango hii ilikuwepo kabla ya mwaka 2015, lakini iliyosukuma serikali kuchukua hatua ni ajali ya Germanwings ya tarehe 24 Machi 2015, ambapo rubani msaidizi aliyekuwa akificha ugonjwa wake aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps nchini Ufaransa, na watu wote 150 waliokuwemo wakafa. Umoja wa Ulaya ukapitisha kanuni namba 1042 ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Februari 2021, inayoyataka mashirika ya ndege za biashara kuhakikisha kwamba marubani wao wanaweza kufikia mpango wa msaada. Angalia vizuri walengwa wake: ni mashirika yanayosafirisha abiria na mizigo. Mkufunzi anayezunguka uwanja na mwanafunzi tangu asubuhi katika ndege ya injini moja hakuwa kiini cha hoja hiyo, ingawa ndiye anayewalea marubani watakaoajiriwa na mashirika hayo.

Kazi ya mkufunzi ina uzito wake wa pekee, na ndiyo maana sishauri kunakili mpango wa shirika la ndege kama ulivyo. Rubani wa shirika hukaa na rubani mwenzake aliyefuzu. Mkufunzi hukaa na mtu ambaye bado anajifunza, na kazi yake ni kumwacha akosee kiasi cha kujifunza kisha amzuie kabla kosa halijawa hatari. Uangalifu huo haupumziki hata dakika moja, na unarudiwa safari baada ya safari, ukiambatana na wajibu wa kuonekana mtulivu, kwa kuwa mwanafunzi husoma hofu usoni mwa mwalimu kabla ya kuisoma kwenye dira. Kisha inakuja ile sahihi ya kumruhusu mwanafunzi aruke peke yake. Unabaki chini, umesimama, huna usukani, na lolote litakalotokea utajiuliza kama uliharakisha. Sidhani kama kuna kundi lingine la marubani linalobeba wajibu wa safari ambayo halimo ndani yake kwa namna hiyo.

Sasa, nani asikilize? Kwa vyovyote vile asiwe mkufunzi mkuu, hata akiwa mtu mwema kuliko wote, kwa sababu ndiye anayepanga ratiba, ndiye anayependekeza nani aendelee na nani asiendelee, na mara nyingi ndiye ambaye mashirika humpigia simu kuuliza habari za mwombaji wa kazi. Wakufunzi wengi wapo hapo kukusanya saa za kuruka ili waajiriwe kwingine. Hawatasema neno lolote mbele ya mtu anayeshika barua yao ya mapendekezo. Asiwe pia mtu wa ofisi ya usalama anayechunguza tukio lenyewe. Chagua wakufunzi ambao wenzao tayari huwafuata wenyewe kuzungumza, kisha wafundishwe na mtaalamu wa afya ya akili: kusikiliza bila kuhukumu, kutambua dalili za hatari, kujua mahali pa kumpeleka mtu, na kujua wakati wa kukoma. Msikilizaji hatoi tiba wala hatamki jina la ugonjwa. Mtaalamu huyo aendelee kuwasimamia, maana msikilizaji naye huelemewa, na kinyozi hajinyoi.

Kuhusu siri, iandikwe kwenye ukurasa mmoja na isomwe kwa sauti kabla ya mazungumzo ya kwanza. Yanayosemwa hayaendi kwa uongozi, hayaandikwi kwa jina, na hayatumiki katika nidhamu. Mpaka wake ni mmoja: pale ambapo kuna hatari ya karibu kwa uhai wa mhusika au wa watu wengine. Hapo msikilizaji hushauriana mara moja na mtaalamu, na kwanza kabisa humshawishi mhusika achukue hatua mwenyewe, ikiwa ni pamoja na kukaa chini, yaani kutoruka, kwa muda. Mpaka huo ukifichwa, siku utakapotumika watu wataona wamesalitiwa, na mpango mzima utakufa siku hiyo hiyo.

Daktari_wa_Anga

Naongeza kuhusu swali la tatu, kwa tahadhari kwamba kila nchi ina fomu zake na sheria zake, hivyo kila mmoja asome maneno ya fomu anayotia sahihi.

Kuzungumza na mkufunzi mwenzako si matibabu, na msikilizaji rika si mtoa huduma ya afya, kwa hiyo mazungumzo yenyewe kwa kawaida si jambo linaloulizwa katika uchunguzi wa afya. Kinachoweza kuulizwa ni ugonjwa, dawa, na ziara kwa wataalamu wa afya. Hata hivyo, msaada wa rika haumwondolei mtu wajibu ulio katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, unaosimamiwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwamba mwenye leseni asitumie haki za leseni hiyo anapofahamu kuwa afya yake imepungua kiasi cha kuathiri usalama wa kazi yake. Wajibu huo unamhusu mkufunzi kama unavyomhusu rubani wa ndege kubwa.

Hofu ya kupoteza cheti ni ya kweli na imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowauliza marubani wa mashirika ya ndege bila kutaja majina yao, ulikuta kwamba asilimia 12.6 ya waliojibu maswali kuhusu sonona walifikia kiwango kinachoashiria ugonjwa huo. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa marubani 3,765 nchini Marekani ulikuta kwamba asilimia 56.1 walikuwa wamewahi kukwepa huduma za afya kwa namna fulani kwa kuhofia cheti. Ninapozungumza na wakufunzi huwaeleza kwamba mlango haujafungwa kama wanavyodhani. Mamlaka ya anga ya Marekani, kwa mfano, tangu Aprili 2010 inaweza kuwaruhusu marubani wanaotumia baadhi ya dawa za sonona kuendelea kuruka, baada ya kuthibitika kwamba hali yao imetulia na kwa masharti ya uangalizi. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama, nami siisifu kupita kiasi. Lakini anayekuja mapema, akiwa na usingizi uliovurugika na hasira za karibu, mara nyingi huhitaji mapumziko na ushauri nasaha tu. Anayekuja baada ya mwaka wa kuficha huja na ugonjwa kamili.

Kuhusu mwenzenu, mambo matatu uliyoyataja, yaani ukali, usingizi mbovu na kukwepa kuidhinisha wanafunzi, yanatosha mtu kumfuata wiki hii bila kungoja mpango ukamilike.

Saa_za_Injini

Nakubaliana na mengi, ila nina shaka moja ambayo naomba isipuuzwe. Wamiliki wa shule wanaupenda msaada wa rika kwa sababu ni rahisi: wakufunzi husikilizana bure, na mfumo unaowachosha unabaki vilevile.

Chukua suala la malipo. Mkufunzi anaweza kukaa uwanjani kutwa nzima akingoja mawingu yapande, arushe wanafunzi wawili, na alipwe kwa safari hizo mbili tu. Sheria za Marekani zinamzuia mkufunzi kufundisha angani zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24 mfululizo, lakini kikomo hicho huhesabu muda wa angani. Hakihesabu kungoja, kuandaa somo, kumsahihisha mwanafunzi baada ya safari, wala kujibu ujumbe wake usiku. Sasa mwambie mtu huyo kwamba akijisikia vibaya akae chini. Atakubali kwa kichwa, kisha ataruka. Msikilizaji atamfanya nini, zaidi ya kumsikiliza akieleza kwamba hana namna?

Mkufunzi_Zamu

Nawashukuru nyote. Hoja ya Saa_za_Injini imenigusa kwa sababu ndiyo hali yetu halisi. Shule yetu ni ndogo na kila mtu anajua gari la mwenzake linapoegeshwa. Nikimteua msikilizaji leo, kesho kila atakayeonekana akizungumza naye atadhaniwa kuwa ana tatizo. Je, kuna njia ya kuanza katika mazingira hayo?

Msikilizaji_Rika

Ipo. Kwa shule ndogo, unganeni na shule nyingine, ili msikilizaji wako awe mkufunzi wa shule nyingine na ninyi muwasikilize wa kwao. Namba ya simu itoshe. Hakuna haja ya chumba wala ratiba. Wasikilizaji wasipungue wawili, ili mtu awe na hiari ya kuchagua.

Saa_za_Injini ana haki, na nisingependa ajibiwe kwa maneno laini. Mwombe mmiliki kitu kimoja kabla ya kutangaza lolote: malipo ya kiwango cha chini kwa siku chache ambazo mkufunzi amekaa chini, baada ya tukio au kwa ombi lake mwenyewe, bila kutakiwa kueleza sababu. Hesabu yake haitakuwa kubwa, na unaweza kumwonyesha gharama ya kutengeneza ndege moja iliyotoka nje ya njia. Akikataa, anzisheni hata hivyo, lakini waambieni wakufunzi ukweli kwamba hilo limekataliwa, wasije wakadhani mpango una kinga ambayo hauna.

Kuhusu mwenzenu, usimpelekee fomu wala usimwalike kikaoni. Mfuate wewe mwenyewe, au amfuate anayemwamini, mkiwa mbali na ofisi. Usianze na ajali. Ameshaulizwa habari zake na kila mtu. Muulize wanafunzi wake wanaokaribia kuruka peke yao ni wangapi, na kama angependa mkufunzi mwingine aruke nao safari ya ukaguzi kabla hajatia sahihi, ili uamuzi huo usimwelemee peke yake. Hilo mnaweza kulipanga kesho, bila idhini ya mtu yeyote zaidi ya mkufunzi mkuu, na kwa uzoefu wangu mazungumzo mengine huanzia hapo.