Wanafunzi wanajua V = IR ila wanasema balbu "inakula" umeme. Nisaidieni

Mwalimu wa Mpakani
Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha fizikia sinia ya tatu (kidato cha tatu) huku Tororo, Uganda. Somo ni kwa Kiingereza, lakini kengele ikilia watoto wanarudi kwenye Kiswahili na Kiteso, na nadhani humo ndimo wanamofikiria. Hesabu za V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani) wanazimaliza kabla sijafuta ubao. Juzi nikaunganisha balbu mbili za tochi mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya waya, zinazofanana kabisa, nikauliza ipi itawaka zaidi. Karibu darasa zima: "Ya kwanza, mwalimu. Inakula umeme kwanza, ya pili inapata makombo." Zikawaka sawasawa. Mmoja akasema balbu zangu mbovu!

Mekanika ni yale yale. Taksi ikifunga breki, wanasema kuna kani inayowasukuma mbele. Nikikataa wananitazama kama mlevi. Nifanyeje?

fundi_waya
Mimi ni fundi umeme Jinja, si mwalimu. Vijana wangu nawaambia maji: urefu wa tanki ni volti, bomba jembamba ni ukinzani, maji yanayopita ni mkondo. Wanashika siku hiyo hiyo.

Mama Sayansi
Fundi, tanki ni zuri mpaka mtoto akuulize mbona waya ukikatika umeme haumwagiki sakafuni. Niliulizwa hivyo, nikakosa la kusema.

Mwalimu, tafuta kamba laini ya mita kama 10, ifunge ncha iwe duara. Wanafunzi wauzunguke huo mduara, kamba ipite viganjani bila kubanwa. Mmoja aivute izunguke, huyo ndiye betri. Halafu mwingine aibane kidogo, huyo ndiye balbu. Kiganja chake kitapata joto, na kamba yote itapunguza mwendo, si pale alipo yeye tu. Ongeza wa pili abane vilevile, kisha uliza nani kapata makombo. Kamba iliyoingia kiganjani ndiyo iliyotoka, haikuliwa hata sentimita. Joto limelipwa na mkono wa anayevuta, na ataanza kulalamika mwenyewe.

Kamba hiyo hiyo inajibu kwa nini taa inawaka papo hapo wakati elektroni kwenye waya zinajikokota, kwa kawaida chini ya milimita moja kwa sekunde: kamba nzima inaanza kusogea pamoja. Ukitaka umeme wa nyumbani, avute na kurudisha. Wa kwetu hufanya hivyo mara 50 kwa sekunde.

Boda Arua
Ya breki niachieni mimi. Funga jerikeni iliyojaa nusu nyuma ya pikipiki, simama ghafla. Maji yanapiga ukuta wa mbele, na hakuna aliyeyasukuma. Yalikuwa safarini, pikipiki ndiyo imesimama. Abiria wangu naye ni hivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba ananigonga mgongoni halafu anasema nimemsukuma 😂

Waulize pia kwa nini mkungu wa matoke ukifungwa nyuma sana, usukani unakuwa mwepesi mlimani. Ekseli ya nyuma imegeuka egemeo. Na mwendo ukitoka 40 kwenda 80, umbali wa kusimama tangu breki ziliposhika unakuwa mara 4, si mara 2. Hiyo wengi wetu barabarani hatuijui.

Mwalimu wa Mpakani
Kamba nimeijaribu leo, kelele zilifika ofisi ya mkuu. Lakini wamenirudi: kama ukinzani ndio unaoleta joto, mbona pasi ya wati 1000 ina omu 58 tu, na balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka ina 960?

fundi_waya
Hapo sasa ni kwangu. Nyumbani vifaa haviko mfululizo, kila kimoja kinapewa volti 240 zake. Ukinzani ukiwa mdogo mkondo unapita mwingi: pasi inavuta ampia 4 na kitu, balbu robo ampia. Ungezifunga mfululizo, pasi ingebaki karibu baridi na balbu ingewaka karibu kama kawaida. Wafanye hesabu hiyo kwenye daftari. Soketi usiwaruhusu waiguse.

Boda Arua
Kwa hiyo pasi saa moja ni yuniti nzima (kilowati-saa moja) ya Yaka, huu umeme wetu wa kulipia kabla?

fundi_waya
Kama inawaka saa yote bila kujizima, ndiyo. Taa ya LED ya wati 10 ingekesha nayo saa 100.

Boda Arua
Basi Jumapili jioni ndiyo inanimaliza. Sare za watoto wanne.